Naomba ushauri: kumzungusha mgeni Kilwa, Mahiwa hadi Mikindani, nianzie wapi?

BajajiYaMitwero (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Mimi niko Lindi mjini, naendesha bajaji. Nimepata mgeni kutoka nje, anapenda historia kupita kiasi. Anataka nimzungushe ngome za zamani na sehemu zilizopiganwa vita huku kusini: Kilwa, Mahiwa kule karibu na Nyangao, amalizie Mikindani. Nimeshamkubalia, anakuja mwezi ujao. Sijawahi kufanya kazi ya kutembeza watalii na usingizi siku hizi unanipita.

Naomba kujua njia nzuri, vibali vinakatwa wapi, na je, kule Mahiwa kuna shida yoyote mtu akiingia mashambani akatembea tu na kuangalia? Tafadhali ushauri wa maana, kejeli mniwekee kando.

MzeeNangurukuru
Karibu, kijana wangu. Anzia kaskazini ushuke. Mpokee Nangurukuru, mwingie Kilwa Masoko mlale. Asubuhi kabla ya jambo lolote nendeni ofisi inayohusika mkate kibali cha kisiwani, ndipo mtafute boti. Usikubali kijana wa ufukweni akwambie "twende tu, kibali mtakata mkirudi".

Kilwa Kisiwani mgeni wako ataanza kuliona Gereza, ndilo jina la ngome ya pale, kabla hajashuka, limekaa palepale majini. Wareno walijenga ngome mwaka 1505, hawakukaa hata miaka kumi. Hilo analoliona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, kama miaka 300 baadaye. Mpeleke upande wa baharini aone ukuta ulivyoliwa na maji, mawe ya matumbawe yako nje kama meno. Avae viatu vya kuvua haraka, boti haifiki nchi kavu.

Halafu usimruke Kivinje! Watu wote wanakimbilia kisiwani, Kivinje wanaipita kwa basi. Pale kuna boma la Mjerumani linaloporomoka na kuna habari za Hassan bin Omari Makunganya, aliyewasumbua Wajerumani mpaka wakamnyonga mwaka 1895. Akiwa na muda na gari imara, mpandishe Umatumbini, Nandete, ilikoanzia Maji Maji Julai 1905. Barabara ya huko uliza kwanza kama mvua imenyesha.

PwezaWaKuchoma
Mimi nimekuja kusema kitu kimoja: Masoko jioni, pweza na ndimu. Nilimpeleka mchumba wangu kuona magofu, tukaona pweza. Ndoa ipo mpaka leo, magofu sikumbuki hata moja.

NjiaPandaMnaziMmoja
Mleta mada, swali. Watalii wa kawaida wanataka Kilwa, wachache Mikindani. Mahiwa nani kamwambia? Na mtu akipata kazi ya kutembeza mgeni hulala usingizi mzito maana hela inakuja. Wewe umekosa usingizi. Kuna nini?

BajajiYaMitwero
Hakuna kitu, mkuu. Anapenda Vita vya Kwanza vya Dunia. Amesoma mwenyewe.

MwalimuMstaafuMtama
Huyo mgeni basi ana akili. Vita kubwa kuliko zote za kusini ilipiganwa hapo, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, na vijana wetu wa shule hawaijui. Waingereza walikuwa wanapanda kutoka Lindi, wamepita Mtama, wakaifikia Nyangao. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawasubiri Mahiwa. Waingereza walikuwa karibu 5,000, Mjerumani kama 1,500. Siku nne. Upande wa Waingereza waliokufa na kujeruhiwa wanakadiriwa kufika 2,700, upande wa Wajerumani mia tano na ushei. Na mnaposema "Waingereza na Wajerumani" kumbukeni waliolala pale wengi walikuwa Waafrika, kikosi kizima kilitoka Nigeria. Mnigeria kaja kufa Umwerani kwa ugomvi wa Ulaya!

Hata hivyo Mjerumani alishinda akaishiwa. Hakuwa na risasi za kurudia. Mwezi uliofuata akaacha wagonjwa na majeruhi wake nyuma, akavuka Ruvuma tarehe 25 Novemba kuingia kwa Wareno.

Ukifika pale usitegemee ngome. Mtatembea kwenye mikorosho na mihogo. Kazi yako ni kumweleza mgeni alama za ardhi: kilima kiko wapi, maji yako wapi, nani alikuwa amejificha wapi. Bila maelezo ataona shamba tu.

KoroshoGhafi
Mwalimu kafungua darasa, nakaa mbele.

NjiaPandaMnaziMmoja
Mwalimu asante, ila tusimwachie huyu. Ndugu BajajiYaMitwero, ulituuliza kuhusu KUINGIA MASHAMBANI. Mnaingia na nini mkononi?

BajajiYaMitwero
Sawa, niseme maana mtanichosha. Mgeni anakuja na mashine ya kutambua chuma chini ya ardhi. Ana na ramani aliyorithi kwa babu yake. Mjomba wangu ana shamba la mikorosho Mahiwa, ndani yake kuna mashimo marefu, wazee wanasema ni mahandaki ya vita. Tutapima hapo. Ikilia, tunachimba kidogo. Nimeshapokea laki tano ya kuanzia, imeingia kwenye injini ya bajaji. Mjomba nimemwambia mgeni anatafuta kaburi la babu yake, na kwa upande fulani ni kweli.

Sasa msinirukie. Sijaua mtu. Swali langu la vibali liko palepale.

KoroshoGhafi
RUPIAAAA! Nilijua tu! Kila handaki nchi hii lina sanduku la Mjerumani 😂😂

PwezaWaKuchoma
Nimeacha pweza, nimerudi.

DerevaWaKangomba
Msicheke jamani. Masasi kuna mzee alitusimamisha kazi msimu mzima. Alisema kwenye kichuguu cha shamba lake kuna mali ya Mjerumani inalindwa na nyoka. Akaja mganga, akataka mbuzi mweusi asiye na doa, kaniki, na hela isiyohesabiwa. Hela isiyohesabiwa! Yaani unatoa bila kuhesabu. Tukachimba usiku. Tulipata tairi la baiskeli. Mganga akasema mali imehama, kuna mtu kati yetu hakuoga. Mpaka leo wananiangalia mimi.

DadaWaNdanda
Mimi sitaki kuzungumzia mali. Nazungumzia mjomba. Kaka, huku kwetu mjomba ndiye baba. Umempa maneno ya uongo mtu ambaye kesho ndiye atakayesimama kwenye posa yako. Na shamba la mjomba Umwerani si la mjomba peke yake, ni la ukoo. Umewauliza mama zako wadogo? Hela za haraka zimewapeleka vijana wetu pabaya, tumwogope Mungu.

BajajiYaMitwero
Dada nashukuru, ila mjomba akipata chake atafurahi kuliko mimi. Na mgeni amesema tukipata kitu tunagawana. Mimi ni dereva tu kwenye jambo hili.

MwalimuMstaafuMtama
Mwanangu, tumia hesabu. Zipo sarafu za dhahabu za Mjerumani, za rupia 15, zina tembo upande mmoja. Zilitengenezwa Tabora mwaka 1916, kama 16,000 hivi. Tabora! Mwaka 1917 hao jamaa wa Mahiwa walikuwa wanalipana kwa noti za karatasi zilizochapwa porini. Watu wanabeba majeruhi kwenye machela, kwinini imeisha, chakula ni cha kubahatisha, nani angebeba sanduku la dhahabu mpaka kwenye handaki la mjomba wako? Mashine itakachokuta pale ni chuma cha kukuua. Makombora ya mwaka 1917 ambayo hayakulipuka hayana habari kwamba vita imekwisha.

MzeeNangurukuru
Na kibali ulichouliza: kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kuchimba vitu vya kale bila leseni ni kosa, hata kama mwenye shamba ni mjomba. Leseni anapewa mtafiti anayejulikana, si mgeni na dereva wake. Kibali cha kutembelea magofu ni kingine kabisa, usivichanganye ukifika kituoni.

SinaHaraka_Mtwara
Samahani wakuu, naomba niharibu starehe. Mimi naona hii ni CHAI. Ramani ya babu, mgeni wa ng'ambo, handaki, mjomba. Uzi wa namna hii niliwahi kuusoma hapahapa, ule ulikuwa Songea na badala ya mjomba ni shangazi. Na huyu anasema ni dereva bajaji lakini anaandika kwa vituo na mikato kama karani wa mahakama. Anatafuta mtu wa kuingia PM aombwe "mchango wa mashine".

KoroshoGhafi
Eeeh! Chai yenye tangawizi. Mleta mada weka picha ya mahandaki.

BajajiYaMitwero
Dereva bajaji hajui kuandika? Nimemaliza kidato cha sita, Mtwara mwenyewe. Picha sina, simu yangu ya zamani iliingia maji. Kama ni chai usinywe.

SinaHaraka_Mtwara
Simu iliingia maji. Sawa.

MwalimuMstaafuMtama
Ngojeni, mimi nimpime. Kijana, unatoka Lindi kwa basi unakwenda kwa mjomba wako. Taja unavyopita.

BajajiYaMitwero
Mingoyo, Mnazi Mmoja, nashika njia ya Masasi. Mtama, Nyangao, halafu ndiyo naingia Mahiwa. Kwa mjomba unashukia kwa kina mama wanaouza mihogo ya kuchoma, unaingia kulia kwa miguu. Kuna mwembe mmoja una kipande cha reli kinaning'inia, kinagongwa wakiita mkutano.

MwalimuMstaafuMtama
Njia ameipatia. Ya reli sithibitishi wala sikatai, vijiji vingi vina kitu cha kugonga.

SinaHaraka_Mtwara
Njia hata konda anaijua.

DadaWaNdanda
Iwe chai iwe uji, kuna mtu kama huyu anasoma hapa na amekaa kimya. Mjibuni.

NjiaPandaMnaziMmoja
Dada kasema. Basi sikia ndugu. Mwambie mgeni sasa hivi, kabla hajakata tiketi, kwamba mashine haiingii shambani. Akiwa mpenda historia kweli atakuja. Kilwa, Kivinje, Mahiwa kwa miguu na mwalimu akiwapo, kisha Mikindani alale pale kwenye boma la mwaka 1895, siku hizi ni hoteli, apande kilimani aone ghuba. Hizo ni siku za kazi halali na laki tano inatosha kuwa malipo yako. Akighairi, umejua alikuwa nani.

MwalimuMstaafuMtama
Mimi nipo. Sitaki hela, nataka soda na gari lisilo na vumbi. Kuna na habari za Machemba wa Wayao nimweleze, aliyemwandikia Wissmann, kamishna wa Kijerumani, mwaka 1890 kwa Kiswahili safi kwamba kama ni urafiki yuko tayari, lakini kuwa mtawaliwa wake hapana. Hiyo ndiyo mali ya kusini.

BajajiYaMitwero
Nimewasikia wakuu. Mwalimu nakuja PM. Mgeni nitamwandikia leo. Ila mashine ameshaituma, iko njiani, na ushuru nimeambiwa nilipie mimi kwanza atanirudishia. Hilo mnalionaje?

KoroshoGhafi
😂😂😂 Kumbe sisi tulidhani anayetaka kuibiwa ni mjomba!

NjiaPandaMnaziMmoja
USILIPE HATA SENTI. Ulipewa laki tano ili utoe milioni. Mungu wangu.

SinaHaraka_Mtwara
Hapo sasa naanza kuamini kidogo. Chai haina ushuru.

BajajiYaMitwero
Wameniandikia barua yenye muhuri lakini.

MzeeNangurukuru
Barua hiyo ipeleke polisi Lindi kesho asubuhi na bajaji yako hiyohiyo. Na mjomba umpigie kabla ya hapo.

MgeniHumu_Tandahimba
Habari wakuu, nimesoma kurasa zote. Mleta mada naomba namba ya huyo mgeni PM. Nina shamba huku Tandahimba lina mawe matatu yamepangwa kwa namna ambayo si ya kawaida.