Kaweka bakuli la supu juu ya Katiba yangu, eti Makamu wa Rais "anatenguliwa"!

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Sitaji jina, wote mnamjua: yule wa miwani, kila mada yeye wakili. Leo asubuhi kwenye supu karopoka mbele ya kijiwe kizima, eti Makamu wa Rais ni sawa na mkuu wa wilaya tu, Rais akiamka vibaya inatoka taarifa saa nne usiku, "uteuzi wake umetenguliwa", kwisha habari.

Nikamwambia kwa upole, kaka, Makamu hatenguliwi. Ibara ya 47: anapigiwa kura pamoja na Rais. Nikatoa Katiba kwenye begi nimfungulie ibara ya 50. Akaipokea, nikajua anasoma. Jamaa akailaza mezani, akanyanyua bakuli lake la supu linachuruzika, AKALITUA JUU YA KATIBA. Eti meza inaunguza. Vicheko vilifika Dodoma!

Makamu anaondoka muda ukiisha, akifariki, akijiuzulu mwenyewe kwa maandishi, akiapishwa kuwa Rais kama Mama Samia tarehe 19 Machi 2021. Au Bunge limwondoe kwa njia ya ibara ya 46A: hoja isainiwe na wabunge wasiopungua asilimia 20, Spika aipate siku 30 kabla, iundwe kamati ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu, mwisho theluthi mbili ya wabunge wote. Hata Rais akiona msaidizi wake kashindwa kazi, anapeleka hati kwa Spika. Hiyo ndiyo taarifa ya saa nne usiku? Na anayeziba nafasi naye lazima apite bungeni, Dkt. Mpango mwaka 2021 alipigiwa kura 363.

Yote hayo yalikuwa ukurasa ule ule na wa jirani yake, chini ya bakuli. La supu. Juu ya Katiba! Duara la mafuta limekaa sawasawa kwenye ibara ya 50, ukiinua karatasi unaona taa upande wa pili.

mti_mkavu: Mkuu, supuni ulienda na Katiba ya nini? Wenzio tunaenda na njaa.

Binti Pangani: Kwenye sheria uko sahihi kaka. Ila Mzee Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, mwaka 1984 alijiuzulu au alijiuzulishwa? Karatasi inasema lake, kikao cha chama kinasema lake.

mleta uzi: Dada, ndiyo maana nataka watu wasome! Angesoma badala ya kuweka bakuli!

nyayo_254: Nyinyi mnalilia bakuli. Huku Kenya mwaka 2024 Naibu Rais aliondolewa tukitazama kwa runinga. Bunge la Taifa kura 281 Oktoba 8, Seneti ikampata na hatia kwa mashtaka 5 kati ya 11 Oktoba 17, mwenyewe akiwa amelazwa hospitalini. Kesho yake jina jipya liko bungeni.

mti_mkavu: Haya, Wakenya washaingia. Nyie supu mnaijua kwanza?

nyayo_254: Tuko na mutura, soseji yetu ya utumbo. Hiyo supu yenu ni maji ya kuoshea nyama.

fundi_bomba: Hapo umesema kweli ndugu. Kuna mama huku kwetu anakupimia mfupa mmoja, chapati unaona jirani kupitia kwake, ukilalamika anakwambia kapike kwako. Mimi nimemuhama.

mti_mkavu: Bora wewe. Wa kwetu anaongeza maji bomba mbele ya macho yako.

mleta uzi: WAKUU TURUDI KWENYE MADA. Katiba! Bakuli!

Binti Pangani: Pole kaka. Nyunyizia poda, iache usiku kucha, mafuta yatanyonywa kabla hayajafika ibara ya 51.

fundi_bomba: Ilikuwa supu ya nini? Kama ya makongoro, hilo doa halitoki.