MREJESHO: Baba mwenye manjano, mrija wa nyongo umewekwa

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu baba: macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, muwasho hadi halali, saratani imeziba mfereji wa nyongo. Nilimsikiliza aliyesema tumwone daktari wa radiolojia tiba (anayetibu kwa kuongozwa na picha za ndani ya mwili) kwanza. Walimchoma ganzi ubavuni, wakaingiza sindano hadi ndani ya ini wakiongozwa na ultrasaundi na eksirei, wakaacha mrija unaomwaga nyongo kwenye mfuko. Hakupasuliwa!

Muwasho uliisha ndani ya wiki. Macho yalichukua karibu mwezi. Ila mrija uliziba, akapata homa ya kutetemeka, akalazwa, ukabadilishwa. Kosa letu, tulikuwa tunaruka siku za kuusafisha. Saratani bado ipo. Kemo (dawa za saratani) ameanza Jumatatu.