Naomba ushauri: kasuku wa Naivasha na mti unaotaka kukatwa

Habarini ndugu zangu. Hapa Naivasha tuna wale kasuku wadogo wa kijani. Asili yao ni Tanzania: wenye uso wa rangi ya chungwa ni wa pande za Serengeti, wenye kichwa cheusi ni wa Tanzania ya kati. Huku walitoroka vizimbani, wakazoea, wakazaana hadi kuchanganyika.

Uani kuna mgunga mkavu uliojaa matundu ya vigong'ota, nao wamehamia humo. Asubuhi jike huingia na kijiti mdomoni, kirefu kumpita mwenyewe, akikigeuzageuza hadi kipite. Sasa mwenye nyumba anataka kuukata mwezi huu, anahofia utaangukia paa. Hofu yake naielewa, lakini naamini mna makinda ndani, nayasikia.

Je, tukipunguza matawi tu na kuacha shina itatosha? Na aliyewahi kutundika masanduku ya mbao, tundu alitoboa upana gani? Naogopa pia nikiwaita watu wa wanyamapori watasema si ndege wa hapa, waondolewe. Mwenye uzoefu anisaidie kabla msumeno haujafika.