Mjadala: Pweza na ukwaju, au pweza na ndimu na pilipili?

Mwana wa Ng'ambo: Nimekula pweza Dar wiki hii. Vipande, vijiti, bakuli la pilipili ya maji yenye ndimu na chumvi. Nikaulizia ukwaju, muuzaji akanishangaa. Huku Unguja, ukikaa Forodhani jioni, pweza bila ukwaju hajakamilika. Kwa nini Bara hamuutaki?

Kijana wa Temeke: Hajakamilika kwa nani? Pweza wetu anachemshwa, halafu anapita kwenye mafuta. Ndimu inakata shombo, pilipili inaamsha ulimi, basi. Ukimmwagia ukwaju unakula ukwaju.

Wa Kisauni: Msifanye kuwa ni Bara na visiwani. Mombasa ukwaju tunao, ila mimi nautia kwenye viazi karai na bhajia. Pweza namkamulia ndimu. Kinachonishinda Dar ni lile bakuli. Mtu ameng'ata kipande, anakirudisha mumo humo, na mwingine anangojea!

Kijana wa Temeke: Kwa hiyo sisi wachafu? Kila mtu ana kijiti chake, na muuzaji makini anakukataza kuchovya mara mbili.

Wa Kisauni: Kijiti chake, bakuli la wote. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoanza Dar mlijifunza nini?

Mwana wa Ng'ambo: Hicho kilifika na Zanzibar, tusinyoosheane vidole. Mie niliuliza ukwaju.

Mzee wa Pangani: Vijana, pilipili asili yake Amerika, Wareno ndio waliozisambaza huku baada ya Vasco da Gama kupita 1498. Ukwaju ni mti wa Afrika. Mwenyeji ni nani hapo?

Kijana wa Temeke: Shikamoo mzee. Muhogo nao umetoka Amerika, mbona tunautia nazi na hatuulizani? Lakini dada wa Kisauni aniombe radhi. Mama yangu amenisomesha kwa sinia la pweza.

Wa Kisauni: Sikumtaja mama yako, kaka. Nimetaja bakuli. Akiwa na kijiko, akamimina mwenyewe juu ya kipande, nani atalalamika?

Bint Chumbageni: Kijiko ni sawa. Tena ukwaju mzito ndio unaomiminika vizuri, unashika kwenye kipande. Pilipili ya maji inachuruzika yote.

Kijana wa Temeke: Mteja wa kipande kimoja anachovya akiwa amesimama, daladala inaita. Nani atamngoja na kijiko? Na radhi bado sijaiona.