Tarehe 26 na mama mkwe kutoka Peramiho: tumpeleke wapi?

Mkwe wa Kimara (22 Desemba 2023)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka kabla mke wangu hajaamua peke yake.

Mama mkwe ameingia juzi na basi la Songea. Ni mtu wa Peramiho, miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua ila ukimshika mkono kumsaidia anautoa. Bahari hajawahi kuiona. Ziwa Nyasa analijua vizuri, alikaa Mbamba Bay akiwa binti, kwa hiyo ukimwambia "maji mengi" anakutazama tu. Aliposhuka stendi ya Magufuli hakuuliza wajukuu wako wapi. Aliuliza bahari iko upande gani.

Nina watoto wanne. Mkubwa yuko darasa la sita, wa mwisho ana miaka mitatu na anakimbia kuliko wote. Gari sina. Bajeti ni laki moja, nauli na kula humo humo.

Mwaka jana siku kama hiyo tulikwenda Coco Beach. Sitaki kusema vibaya, mihogo ya pale naipenda, lakini tulifika saa tisa alasiri na Dar es Salaam nzima ilikuwa imefika kabla yetu. Nikageuka kulipa mishikaki, wa pili hayupo. Nilizunguka dakika arobaini nikiita jina hadi sauti ikakauka. Kumbe amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya mama muuza mihogo, anakula kiazi. Yule mama ananiambia, "Nilijua utakuja, baba, ndiyo maana sikumruhusu aondoke." Sijawahi kumsahau.

Na kuna jambo la pili ambalo naona haya kuliandika. Huyu ni mama mkwe. Kwao hata kula sahani moja na mkwe ni shughuli. Sasa nimkalishe kwenye mchanga, mbele yetu vijana wapite na vichupi, mimi niangalie wapi? Yeye aangalie wapi?

Nisaidieni.

Kivumbi Sinza

Mkuu, wewe vaa miwani ya jua, angalia upeo wa macho kama nahodha. Mama naye mpe mwavuli. Mkipishana salamu iwe ni shikamoo tu hadi magharibi.

Utani pembeni, kwa laki moja na watu saba usiingie sehemu yoyote yenye geti. Kiingilio kikishakula nusu, soda inakula iliyobaki.

Binti wa Mjimwema

Kaka, hukukosea mahali mwaka jana, ulikosea saa. Watu wa bara mnaangalia saa ya ukutani, bahari ina saa yake.

Tarehe 26 usiku kuamkia 27 mwezi ni mpevu. Hapo ni bamvua, yaani maji yanakupwa sana halafu yanajaa sana. Kwa huku kwetu Dar, bamvua likiwepo, saa nne hivi asubuhi maji yako chini kabisa, na saa kumi jioni yamejaa. Ukifika Coco jioni hiyo, ufukwe umeliwa, mnabanana kwenye kipande kidogo cha mchanga, na mawimbi yanapiga moja kwa moja kwa sababu pale ni bahari ya wazi. Ukifika asubuhi unakuta miamba iko nje, mtoto wa miaka mitatu anakwenda kujikata mguu. Vyovyote vile Coco siku hiyo si ya mtoto mdogo. Nenda siku nyingine, maji mafu, mwezi ukiwa nusu angani. Maji hayaendi mbali wala hayaji kwa hasira.

Njoo Kigamboni. Kimara mnapanda mwendokasi hadi kituo cha mwisho Kivukoni, mnashuka, pantoni iko hapo hapo. Nauli shilingi 200 kwa mtu. Mkivuka mnachukua bajaji hadi Mjimwema. Ufukwe wetu ni mchanga laini, na asubuhi maji yakiwa yamekupwa unapata uwanja mpana kabisa. Watoto wanaokota kombe, wanakimbiza kaa, bibi anatembea kwenye mchanga mgumu uliolowa ambao hausumbui magoti. Mchanga mkavu wa juu ndio unaochosha wazee.

Ila uwe umefika saa tatu, saa nane muwe mnaondoka. Ukichelewa hapo, foleni ya pantoni ya kurudi utaisimulia.

Ukiona foleni imezidi, pitia Daraja la Kigamboni, mtokee Kurasini. Tangu lifunguliwe 2016 hatuna tena kisingizio cha kulala ng'ambo.

Kuhusu vichupi, kaka yangu, asubuhi hawapo. Wenye vichupi wanaamka saa sita.

Nahodha Mkavu

Mbona hamtaji visiwa? Kunduchi hapo unapanda boti, muda mfupi tu uko Mbudya. Au Bongoyo kutokea Msasani. Maji ni kioo, samaki unamchagua akiwa mbichi. Ni hifadhi za bahari tangu 1975, kwa hiyo pana ada ya kuingia, lakini kwa Mtanzania haiumizi.

Mkwe wa Kimara

Nahodha, nashukuru, ila kupanda boti ndogo unaingia majini hadi magotini ndipo uipande ubavuni. Mama mkwe aipandishe kanga na mimi nimshike kiuno? Hapana mkuu. Nitarudi kwao Peramiho kulipa faini.

Binti wa Mjimwema, asante sana dada. Hilo la saa ya bahari limeniingia. Nimemwambia mke wangu akacheka, anasema yeye alidhani maji yanajaa wakati wa mvua.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, shule ya leo ni fupi.

Kwanza watoto. Chukua kalamu ya wino, andika namba yako ya simu na ya mama yao kwenye mkono wa kila mtoto, upande wa ndani, juu ya kiwiko ambako jasho na maji havifiki upesi. Usiandike jina. Mtu mbaya akijua jina la mtoto ameshakuwa mjomba. Kisha wavike rangi moja. Si lazima nguo mpya, hata fulana za zamani za njano zinatosha. Kwenye umati jicho linatafuta rangi kabla ya sura.

Pili, mkubwa wako wa darasa la sita ataanza kukuuliza disko toto. Polisi hulipiga marufuku karibu kila sikukuu na watu hulalamika kwamba serikali inawaonea watoto. Wanaolalamika wamesahau Tabora. Ilikuwa Idi, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wamejazwa ukumbini mpaka hewa ikawaishia. Walikufa karibu 20. Mtoto akikuuliza, mweleze tu hivyo hivyo, anaelewa.

Tatu, huyo mama ni wa Peramiho. Unajua maana yake? Mkishuka Kivukoni, kabla ya kukimbilia pantoni, tembeeni kidogo kufuata barabara ya baharini. Mtalipita kanisa la Kilutheri la Azania Front, mbele yake mtakuta la Mtakatifu Yosefu. Hilo walilijenga Wamisionari Wabenediktini kati ya 1897 na 1902. Ndio hao hao waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898. Mwambie hivyo akiwa amesimama mlangoni, uone.

Kivumbi Sinza

Mwalimu, shikamoo. Namba ya simu juu ya kiwiko, hiyo nimeichukua.

Mkwe wa Kimara (27 Desemba 2023)

Wakuu, nimerudi na ripoti. Ngozi ya pua imebabuka lakini niko hai.

Tulitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Mwendokasi asubuhi ile ilikuwa na viti, jambo ambalo mtu wa Kimara halioni zaidi ya mara moja kwa mwaka. Watoto wote wanne fulana za njano za kampeni, sitaji mwaka wala chama. Namba mikononi. Mama mkwe kanga mpya, raba za mke wangu, na kapu lake ambalo hakutaka libebwe na mtu.

Mwalimu, kanisani ulinipa kitu. Nilimwambia mlangoni kama ulivyosema. Hakujibu. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha pale, halafu akasema, "Kumbe walianzia hapa ndipo wakatufuata." Akaingia, akakaa nusu saa. Mdogo akalala mapajani mwake. Nikaangalia saa nikihesabu maji ya dada wa Mjimwema yanavyorudi, lakini nani angemwambia atoke?

Halafu pantoni.

Mimi pantoni naiona kama daladala ya majini, unasimama, unabanwa, unashuka. Mama mkwe alisogea hadi kwenye chuma cha pembeni, akakishika kwa mikono miwili. Kushoto soko la samaki la Feri, mbele meli kubwa inaingia bandarini, mlingoti wake uko juu kuliko jengo la ofisi yetu. Pantoni ilipoanza kuondoka alidhani ni ng'ambo inayosogea. Alicheka peke yake. Miaka kumi na mitatu ya ndoa, sijawahi kusikia kicheko chake, kwa sababu mbele yangu huwa anajifunika mdomo na kanga. Safari hii mikono yote ilikuwa kwenye chuma.

Ng'ambo tukafika, watu wanashuka, yeye hatoki. "Inarudi?" Inarudi mama. "Basi turudi nayo."

Tukarudi Kivukoni. Tukalipa tena, watu saba, tukavuka tena. Mke wangu ananikanyaga mguu nisiseme kitu. Mara ya tatu alikuwa tayari anawaeleza wanangu wapi pa kusimama upepo usiwapige. Kaskazi ilikuwa inapuliza vizuri, joto halikusikika mpaka tuliposhuka.

Mjimwema tukafika saa tano kasoro. Dada, uwanja ulikuwa mpana kama ulivyosema, maji yako mbali, watoto wakapotelea kwenye kaa. Mama mkwe akatembea moja kwa moja hadi yalipo maji, raba mkononi. Akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Akageuka kumtazama mke wangu. "Ni kweli ni chumvi." Kama vile miaka yote sabini watu walikuwa wanamdanganya.

Tulikula wali na samaki wa kukaanga tuliotoka nao nyumbani, tukanunua madafu tu. Kuelekea saa saba mchanga pale tulipotandika mkeka ukaanza kulowa. Mama mkwe aliyekuwa anasinzia akashtuka, akauliza nani amefungulia maji. Nikamweleza habari ya bamvua, mimi niliyeijua kwa siku nne. Nilieleza kwa kujiamini sana. Watoto walinitazama kwa heshima ambayo sikustahili.

Ilipofika saa nane tukaondoka. Dereva wa bajaji aliyetuleta kwa bei nzuri hakuwepo tena, aliyekuwepo alitaka mara mbili, tukashindana, mama mkwe akakata shauri kwa kupanda tu na kapu lake. Sikuweza kubishana na mtu aliyembeba mama mkwe wangu. Foleni ya pantoni haikuwa mbaya, tulikosa moja tukapanda iliyofuata. Hiyo ilikuwa safari yake ya nne, na alikuwa na mahali pake pa kusimama, akamwomba kijana mmoja apishe.

Vichupi nilikuja kuviona tukiwa tunaondoka, vinaingia. Mimi na mama mkwe tulikuwa tunaangalia mbele.

Laki moja ikabaki na chenji ya kununua mkate.

Nina swali la mwisho. Anarudi Songea tarehe 3. Amejaza dumu la lita tano la maji ya bahari, alilitoa kwenye kapu tukiwa Mjimwema, nadhani alitoka nalo Peramiho kabisa. Ya kuonjesha jirani zake, na mengine ya mguu wa shangazi yake mke wangu. Kwenye basi dumu hili linasafirije bila kumwagika kwenye mabegi ya watu?

Mwalimu Mstaafu

Usilijaze hadi shingoni, maji yanatanuka njiani kwa joto. Chini ya kifuniko weka kipande cha nailoni, kaza, kisha lifunge kwenye mfuko mwingine. Lisimame, lisilazwe. Na usiliweke buti la basi, atakuwa na wasiwasi njia nzima. Akae nalo miguuni.

Binti wa Mjimwema

Kaka, hayo aliyochota ni maji ya asubuhi, yamekupwa, yana mchanga. Mwambie ayaache yatulie usiku mmoja, amimine ya juu kwenye dumu jingine. Na kama anataka mengine kabla ya tarehe 3, pantoni ipo.

Mkwe wa Kimara

Ameshauliza. Tunakwenda Jumamosi, mimi na yeye tu, mke wangu anakataa.