Ujerumani bila ada au Mlimani kwa mkopo?

Baba Neema, Tabata: Wakuu, heshima kwenu. Binti yangu kapata Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na pia chuo Ujerumani ambako ada hakuna. Mama yake anasema bure ni bure, tuuze kiwanja cha Chanika aende. Mimi moyo unasita.

Kipara wa Mwenge: Mkuu, umeleta mchuzi bila nyama. Anasoma nini? Jimbo gani? Bodi ya mikopo, HESLB, wamempa asilimia ngapi? Baden-Württemberg, tangu 2017, wengi wasiotoka Umoja wa Ulaya wanalipa euro 1,500 kila muhula.

Mlimani Damu: Mlimani tu! Boomu, ile posho ya kujikimu ya mkopo, shilingi 10,000 kwa siku, wikiendi anakula kwao. Nimepiga pasi ndefu, kuruka milo, miaka mitatu na nipo hai.

Dada Sinza: Kuwa hai ndo kipimo siku hizi? Baba Neema, mimi nimesoma huko. Ada sikulipa hata senti. Ila kabla ya viza ukoo mzima ulichanga pesa ya akaunti maalumu, unaachiwa kidogo kidogo kila mwezi. Sasa hivi ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Chumba kikala karibu nusu, bima ikafuata. Mwaka wa pili mchango umeisha, nikaingia ghalani kupanga maboksi usiku, asubuhi nasinzia darasani. Nikafeli mitihani miwili. Usingizi ukanihama, simu ikiita moyo unapasuka, maana nyumbani wanajua nasoma bure, kwa hiyo kila harusi na kila msiba nina fungu langu. Siku niliyomwambia mama sijala tangu jana akacheka: "Ulaya nako kuna njaa?"

Mzee Kigamboni: Nyie bure hamuijui. Enzi za Mwalimu ada, chakula, chumba, vyote serikali.

Kipara wa Mwenge: Na wale wanafunzi karibu 400 waliofukuzwa chuo 1966 kwa kugomea JKT, Jeshi la Kujenga Taifa?

Mzee Kigamboni: Jeuri ya shibe ile!

Mlimani Damu: Tuache historia. Kuna anayekatwa 15% ya mshahara kulipa mkopo wa HESLB humu? Slipu ya mshahara naisoma nimefumba jicho moja.

Dada Sinza: Angalau wewe una slipu.

Baba Neema, Tabata: Anataka uhandisi. Mkopo tunasubiri majina. Jimbo nitamuuliza akirudi kanisani.

Kipara wa Mwenge: Mzee unauza kiwanja na jimbo hulijui?

Mgeni Mbagala: Samahani, hicho cha Chanika kina hati? Gari linafika?