Naomba ushauri: nyumba ya kufikia watoto wenye saratani, Bugando

Habari zenu ndugu. Kikundi chetu hapa Mwanza kinatafuta nyumba ya vyumba vinne ya kupanga, wafikie watoto wanaotibiwa saratani katika hospitali ya Bugando pamoja na mama zao, hasa wa Ukerewe, Sengerema na Geita. Wengi hukatisha tiba kwa kukosa nauli na pa kulala, na hapo uvimbe hurudi.

Kinachotusumbua zaidi ni umbali. Takriban siku ya 7 hadi 14 baada ya dripu ya kemo (dawa kali za saratani), chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, hushuka sana. Homa ikifika nyuzi 38, mtoto awahishwe hospitali saa ileile, hata usiku wa manane. Je, tulipe kodi kubwa karibu na geti la hospitali, au tuchukue ya mbali na kuweka bajaji inayolala hapohapo? Mimi naegemea ya karibu.

Chumba kimoja tutakiacha bila mtu, cha kumtenga mwenye ugonjwa wa kuambukiza, maana tetekuwanga ikiingia ni hatari kwa wote.

Halafu nauli: ikitumwa kwa simu mapema, huishia kwenye unga nyumbani, wala siwalaumu; tukisema ajilipie kwanza tumrudishie baadaye, asiye nacho hafiki. Kuna aliyefanikiwa kumlipia mgonjwa tiketi ya meli ya Nansio (bandari ya Ukerewe) moja kwa moja? Mlipangaje?